Nani Anachekwa? Kichekesho cha Televisheni Kinapogeuzwa Filamu

Katika mambo ya sanaa yako maswali yanayoonekana madogo, lakini ukiyachambua unakuta yamebeba swali kubwa la nani mwenye mali na nani mwenye sauti. Mojawapo ni hili: mchezo wa kuchekesha uliokatwa kwenye televisheni, huku watazamaji wake wangali wanaupenda, ukigeuzwa kuwa filamu kamili ya saa moja na nusu, je, unabaki kuwa mchezo ule ule? Wengi hujibu upesi kwamba umekuwa mrefu tu, na kioo kimekuwa kikubwa. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Kioo kinapokuzwa, hakikuzwi kicheko peke yake. Hukuzwa pia uhusiano kati ya anayecheka na anayechekwa, na uhusiano kati ya aliyetunga na anayemiliki.

Ili hoja hii isibaki hewani, tutaipima kwa mambo matatu. Kwanza, mfano mashuhuri wa Marekani, ambako mchezo uliokatwa mwaka 1982 ulizaa filamu mwaka 1988. Pili, hali yetu wenyewe ya vichekesho vya televisheni na filamu za Tanzania. Tatu, tutakwenda Kibiti na delta ya Mto Rufiji. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Delta hiyo imekwisha kutumiwa na filamu kubwa ya kigeni kama uwanja wa mzaha, na wakazi wake ni aina ya watu ambao vichekesho vyetu wenyewe hupenda kuwafanya kitu cha kuchekwa. Kwa hiyo filamu inayotokana na kichekesho ina deni kule, na deni halilipwi kwa maneno mazuri.

MCHEZO ULIOKATWA

Mwaka 1982 kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kilionyesha mchezo ulioitwa Police Squad!. Watunzi wake walikuwa Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, ambao mwaka 1980 walikuwa wametengeneza filamu ya kuchekesha ya Airplane!. Mwigizaji mkuu alikuwa Leslie Nielsen, mtu ambaye kwa miaka mingi alizoeleka katika nafasi za watu wazito. Alimwigiza Frank Drebin, askari mpelelezi asiyetabasamu, anayepita katikati ya upuuzi wa kila namna bila kuuona. Ndani ya mchezo huo hamkutiwa vicheko vilivyorekodiwa kumwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka. Utani mwingine uliwekwa nyuma ya waigizaji, pembeni, ukutani, na asiyekaza macho aliukosa.

Mchezo ulikatwa baada ya vipindi 6 tu. Sababu iliyotolewa na mkuu wa burudani wa kituo hicho imekuwa mashuhuri kuliko vipindi vyenyewe: kwamba mchezo ulimlazimu mtazamaji kuutazama ndipo aufurahie. Kwa mtu wa kawaida maneno hayo ni kichekesho kingine. Lakini mchambuzi hapaswi kuyacheka na kuyaacha, kwa sababu yanasema kweli juu ya mfumo mzima. Katika televisheni ya kibiashara bidhaa inayouzwa ni mtazamaji, naye huuzwa kwa mwenye tangazo. Mchezo ni chambo. Anatakiwa mtazamaji anayekaa mbele ya kioo huku anakula, anaongea, anamlaza mtoto, na hajaondoka wakati tangazo linapofika. Mchezo unaodai akili yake yote unaharibu mpango huo, hata kama ni mzuri, na pengine kwa sababu ni mzuri.

Miaka sita baadaye watunzi wale wale, na mwigizaji yule yule, walitoa filamu ya The Naked Gun. Katika majumba ya sinema ya Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 78. Zikafuata filamu za pili na ya tatu, mwaka 1991 na mwaka 1994, na mwaka 2025 ikatolewa nyingine, safari hii Liam Neeson akiwa ndiye askari. Kitu kilichotupwa kama hasara kikawa mgodi.

Hapa pana funzo la kwanza. Mtu aliyelipa kiingilio na kuketi gizani anatazama kweli, kwa hiyo sifa ile iliyouua mchezo kwenye televisheni ndiyo iliyoupa uhai kwenye sinema. Mchezo kukatwa si ushahidi kwamba haukuwa na thamani. Mara nyingi ni ushahidi kwamba thamani yake haikulingana na njia ya kuuzia iliyokuwapo.

KILICHOBADILIKA NJIANI

Lakini wanaosimulia habari hii kama ushindi mtupu wanasahau nusu yake. Tuulize: katika mchezo wa mwaka 1982 alichekwa nani?

Police Squad! ilikuwa dhihaka ya michezo ya polisi iliyojaa kwenye televisheni ya Marekani, hasa M Squad ya mwaka 1957 hadi 1960, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa Lee Marvin. Msomaji alishike jina hilo, tutalihitaji tena. Katika michezo hiyo askari hakosei, sauti yake ni nzito, na mji mzima unamtegemea. Police Squad! ilichukua uzito ule ule, sauti ile ile, ikaujaza ujinga. Aliyechekwa alikuwa mwenye mamlaka, na pamoja naye ile televisheni iliyokuwa imewafundisha watu kumwamini bila kuuliza. Kicheko kilipanda kutoka chini kwenda juu.

Filamu ya mwaka 1988 inaanza Beirut. Mezani wameketi watu walioigizwa kuwa Khomeini, Gorbachev, Arafat, Gaddafi na Idi Amin, wakipanga njama dhidi ya Marekani. Drebin, aliyejifanya mtumishi wa chai, anawapiga mmoja baada ya mwingine. Ndipo filamu inapoanza.

Mtu anaweza kusema kwamba hata hapo anayechekwa ni Drebin mwenyewe, yaani Mmarekani anayedhani siasa ya dunia ni ugomvi wa kilabuni. Hoja hiyo ina uzito wake, na watunzi wale walikuwa na akili ya kutosha kuifahamu. Lakini tutazame jinsi tukio lilivyojengwa. Anayetoa ngumi ana jina, ana hadithi, tutakuwa naye mpaka mwisho. Wanaopigwa hawana neno la kujibu na hawarudi tena. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili si la kinadharia. Amin ni mtu aliyeivamia Kagera mwaka 1978, na ambaye majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wake mkuu tarehe 11 Aprili 1979. Arafat alikuwa kiongozi wa ukombozi ambao nchi yetu iliuunga mkono hata kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1973. Kuwaweka watu hao wawili kwenye meza moja kama ndugu wa kazi moja ni kuifuta historia ya watu wengi kwa ajili ya kicheko cha dakika tatu.

Kwa nini badiliko hilo lilitokea? Kwa sababu filamu ni biashara ya fedha nyingi inayotafuta watu wengi. Mchezo wa dakika 25 unaweza kuishi kwa kuwadhihaki wakubwa wa nyumbani. Filamu kubwa inataka jambo la kuwakusanya haraka watu wasiojuana, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni adui wa mbali asiye na mdomo. Filamu hiyo ina uhodari mwingi, na sehemu zake zinazomdhihaki askari zingali zinauma. Lakini katika kupanda kutoka kioo kidogo kwenda kioo kikubwa, sehemu ya kicheko iligeuza uso: ikaacha kutazama juu, ikaanza kutazama chini. Hili ndilo funzo la pili, na ni zito kuliko la kwanza.

KWETU: JINA NA KICHEKO

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1974. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, stesheni za watu binafsi zilipofunguliwa. Kwa muda wote huo kichekesho cha Bara kiliishi jukwaani, katika vikundi vya maonyesho, na katika redio. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walisikika mpaka mahali ambapo gari halikufika. Kwa hiyo televisheni ilipokuja haikuanzisha kichekesho. Ilikichukua kilichokuwapo, ikakipa saa, siku na mdhamini.

Mfano ulio karibu zaidi na ule wa Marekani ni wa kundi la Ze Comedy. Kundi hilo, lenye akina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Vengu na wenzao, lilipata umaarufu mkubwa katika stesheni ya EATV. Mwaka 2008 lilihamia televisheni ya taifa, TBC1. Hapo ukazuka mgogoro wa jina: wasanii waliondoka na vichekesho vyao, lakini jina la kipindi likabaki lilikozaliwa, nao wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Baadaye kipindi hicho nacho kilikoma, na kila mmoja akaendelea na kazi zake.

Watazamaji waliokulia na kipindi hicho wangali wanawakumbuka wahusika wake, na si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba ingefaa kutengenezwa filamu. Tuliweke swali hilo katika misingi yake. Filamu hiyo ingeitwa nani? Ni nani angekuwa na haki ya kumwingiza ndani yake kizee anayejulikana kwa sauti, mwendo na kilemba, ikiwa sauti na mwendo ni vya mwigizaji, na jina la kipindi ni mali ya mwingine? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini sheria humlinda zaidi mwenye karatasi, na mchekeshaji wetu mara nyingi huanza kazi bila karatasi. Anatoa mwili wake, lafudhi ya bibi yake, mambo ya mtaani kwake. Na siku ya kuondoka anaambiwa kwamba alikuwa mpangaji.

Watu wa Marekani tuliowataja walirudi na mchezo wao kwa sababu walikuwa na nguvu ya kurudi nao. Hapa kwetu waigizaji wa televisheni walioingia katika filamu walipita njia nyingine. Kundi la Kaole, lililoigiza ITV, liliwatoa Steven Kanumba, Vincent Kigosi aitwaye Ray, na Blandina Chagula aitwaye Johari, nao wakawa nguzo za filamu za video zilizouzwa kwa kanda na kwa diski. Hawakuuhamisha mchezo wa televisheni. Waliuacha na kuanza upya. Wakapata uhuru wa kutunga, lakini wakaikuta pingu nyingine: msambazaji. Mara nyingi haki ya filamu iliuzwa kwake kwa malipo ya mkupuo, na baada ya hapo nakala zikiuzwa elfu au laki, aliyeigiza hakujua hesabu. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 umati uliofurika kumzika uliwaonyesha wote waliokuwa na shaka jinsi sanaa hii ilivyokuwa imeingia katika maisha ya watu. Umati ule haukuwa na hisa katika kazi zake, na wenye hisa hawakuwa umati.

Kwa hiyo swali la umiliki halifuati baada ya swali la usanii. Linatangulia. Msanii asiyemiliki wahusika wake hawezi kukataa wanapogeuzwa, na asiyeweza kukataa hawezi kulinda mwelekeo wa kicheko.

MSHAMBA NA SAFARI YAKE NDEFU

Sasa tumtazame anayechekwa hapa kwetu. Katika sinema ya nchi hii yuko mtu mmoja mwenye umri mrefu kuliko waigizaji wote. Mtu huyo ni mshamba aliyekuja mjini.

Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha majaribio ya kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika, na hadithi ya kijana wa kijijini anayeharibikiwa mjini ilikuwa miongoni mwa mafunzo yaliyopendwa. Mwaka 1952 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Muhogo Mchungu, filamu ambayo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mwigizaji wake mkuu. Nayo pia inamhusu mtu wa shamba anayekutana na mji. Katika miaka ya 1970 Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge, ambamo kijana anakwenda mjini, anateseka, kisha anaona njia katika kijiji cha ujamaa.

Tofauti ziko wazi. Mkoloni alimtaka mshamba abaki shamba kwa sababu mji ulikuwa wa mkoloni. Fimbo ya Mnyonge ilimrudisha shamba ili alijenge kwa faida yake na wenzake. Lakini katika zote mshamba anafundishwa. Hafundishi. Vichekesho vya televisheni vilimpokea akiwa hivyo hivyo, vikaondoa hata lile funzo, vikabakiza lafudhi, suruali iliyokunjwa na mshangao mbele ya lifti. Mara huwa mtu wa Kusini, mara Mzaramo, mara Mndengereko wa Kibiti na Rufiji. Wazee walisema: cheka uchafu, usicheke kilema. Kutokujua lifti si uchafu, wala si kilema. Ni matokeo ya mahali zilikojengwa lifti na mahali ambapo hazikujengwa.

Katika kipindi cha dakika 20 dhihaka hiyo hupita na kusahauliwa. Katika filamu ya dakika 90 haiwezi kupita. Mhusika anayekaa nasi saa moja na nusu lazima awe na nyumba, na deni, na mtu anayempenda. Ama atakuwa binadamu kamili, ama filamu itachosha katika nusu saa ya kwanza. Kasoro inayosamehewa katika kipindi huwa ndiyo inayoivunja filamu, na watayarishaji wengi hawajui kwa nini wamevunjika. Wanadhani vichekesho vilikuwa vichache, wanaongeza vingine. Lakini kuongeza wingi si kubadili hali.

DELTA ILIYOIGIZWA KWINGINE

Tumrudie Lee Marvin, yule askari mzito wa M Squad ambaye Police Squad! ilimdhihaki. Mwaka 1976 ilitoka filamu iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968, na ndani yake Marvin na Roger Moore wanaigiza majangili wawili wa pembe za ndovu katika koloni la Wajerumani. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni mzaha: ulevi, ngumi, kutoroka. Mwisho wake ni kuilipua manowari ya Kijerumani iliyojificha mtoni. Mto huo ni Rufiji.

Habari halisi iliyo nyuma yake inajulikana. Manowari Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika mifereji ya delta, ikazingirwa kwa miezi, na ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Yapo katika habari hiyo mambo ambayo filamu haikuyataka. Mitambo ya meli ilipohitaji kutengenezwa, vipande vizito vilivutwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam na kurudishwa. Meli ilipoangamia, mizinga yake 10 iliopolewa na kuburutwa kwenda kutumika katika vita vya nchi kavu. Walioburuta walikuwa Waafrika. Miaka 10 tu kabla, tarehe za mwanzo za Agosti 1905, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, katika nchi hiyo hiyo ya Rufiji, vita vya Maji Maji vilipoanza. Vizazi vilivyoona kamba ya Mohoro ndivyo vilivyotiwa kamba za mizinga.

Filamu hiyo haikupigwa Rufiji. Mikoko iliyoonyeshwa haikuwa ya Salale wala ya Mbwera. Ilipigwa Afrika Kusini ya makaburu, na sehemu nyingine Malta. Na mtu wa pwani yetu aliye karibu zaidi na mashujaa wale ni mtumishi anayeitwa Mohammed. Mtumishi huyo ni bubu. Aliyemwigiza ni Mwingereza, Ian Holm, aliyepakwa rangi.

Ndugu msomaji, hatuhitaji kuongeza chumvi. Mtu wa Rufiji katika filamu inayoihusu Rufiji ameondolewa nchi yake, ameondolewa mwili wake, kisha ameondolewa ulimi. Ndipo watazamaji wa London walipokaribishwa kucheka. Wale waliokaa na Drebin kule Beirut hawakupewa neno la kujibu. Huyu hakupewa hata uwezo wa kunena. Ubovu ni ule ule, ila hapa umefika kilele chake.

SHERIA YA UTANI

Je, basi, watu wetu wasichekwe? Hilo lingekuwa kosa jingine, na kosa la watu wasioijua Pwani. Watu wa Rufiji na Kibiti wana utani, na utani ni taasisi yenye sheria kali kuliko kanuni za kituo chochote cha televisheni.

Mtani anaweza kukutukania ukoo, akakunyang'anya kofia, akakuigiza msibani mbele ya wafiwa. Lakini ana wajibu. Msiba huo huo anaodhihaki ndio anaoutumikia kwa mikono yake. Na zaidi ya yote, anayetaniwa ana haki ya kujibu, leo au siku nyingine, na jibu lake halikasirikiwi. Utani ni kicheko kinachokwenda na kurudi. Dhihaka inayokwenda bila kurudi ina jina jingine. Ni dharau.

Sheria hii inatupa kipimo ambacho hatukukiazima kwa mtu yeyote. Kipindi cha televisheni, kwa maumbile yake, kinaelekea upande mmoja: Dar es Salaam inasema, Kibiti inatazama. Lakini katika vibanda vya video vya miji yetu midogo limezuka jambo la kufikirisha. Mfasiri wa filamu za kigeni, anayezisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, hafasiri tu. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anamzomea shujaa, anamtetea mpishi, anawasemesha wasiosema. Mbele ya mfasiri hodari hata bubu wa Shout at the Devil angepata ulimi, na huenda angesema mambo ambayo Marvin na Moore wasingependa kuyasikia. Hapo watazamaji wanakirudisha kicheko kilikotoka. Wanairudishia filamu utani wake.

Mtengenezaji anayetaka kukigeuza kichekesho kuwa filamu aanzie hapo. Ajiulize katika kila tukio: anayechekwa atajibu wapi?

FILAMU INAYOWEZEKANA

Tuchukue mfano, tuone kama kipimo kinafanya kazi. Katika delta ya Rufiji kuna mikoko inayofikia kiasi cha hekta 53,000, eneo kubwa kuliko yote ya namna hiyo Afrika Mashariki. Ni msitu wa hifadhi. Lakini ndani yake watu wamelima mpunga kwa vizazi, wakikesha kwenye madungu kuwafukuza nguruwe na ndege, na usafiri wao ni mtumbwi na mashua, kwa saa zinazopangwa na maji kujaa na kupwa. Sasa mlete kutoka kwenye kipindi cha zamani yule ofisa mjuaji wa mjini, mwenye briefkesi na maneno makubwa, ambaye watazamaji wanampenda. Anashuka Nyamisati na ramani yake. Ramani inaonyesha msitu. Macho yanaonyesha mpunga. Anapanga mkutano saa nne asubuhi, maji yanapwa saa tatu, mashua inakwama kwenye tope pamoja naye, na kikao kizima kinafanyika kwa kupigiana kelele kati ya tope na ukingo. Hapo yule anayeitwa mshamba ndiye mwenye elimu inayotakiwa, na mwenye shahada ndiye asiyejua lifti ya kule, yaani maji.

Kicheko hicho hakimdhalilishi ofisa. Anaweza kujibu, kwa sababu na yeye ana hoja: mikoko ikiisha, mazalio ya kamba na samaki yanaisha. Mkulima naye ana hoja: watoto hula leo. Utani ukiendelea kwa saa moja na nusu kati ya hoja hizi mbili, unakuwa filamu yenye tatizo la kweli ndani yake. Wahusika ni wale wale wa kipindi, lakini wamepata mahali pa kusimama.

Na mahali hapo panahitaji filamu ya namna hiyo. Kwa wasioishi huko, Rufiji na Kibiti husikika katika habari za misiba. Mwaka 1968 yalikuwa mafuriko, na mwaka 1969 Operesheni Rufiji ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu. Mwaka 2017 lilikuwa jina la Kibiti, kwa ajili ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2024 yakawa mafuriko tena. Nchi inayotajwa kwa vilio tu huonekana kama haina watu, ina waathirika tu. Kicheko cha haki huwarudishia watu ubinadamu wao, kwa sababu mwathirika huhurumiwa, lakini mtani huheshimiwa.

MAMBO YA KUTEKELEZWA

Kutokana na uchambuzi huu yanatokea mambo manne yanayowahusu wasanii, vituo vya televisheni na vyombo vinavyosimamia sanaa.

Kwanza, mhusika wa kuchekesha aandikishwe kwa jina la aliyemwumba tangu kipindi cha kwanza, ili kipindi kikikatwa asibaki mateka wa jina. Mgogoro wa mwaka 2008 ulitosha kuwa funzo.

Pili, malipo ya mkupuo yasiwe njia pekee ya kuuza filamu. Aliyechekesha umma ajue hesabu ya umma aliouchekesha.

Tatu, anayetaka kukigeuza kipindi kuwa filamu akubali kwamba anatengeneza kitu kipya. Achague wahusika wachache, awape kazi, awape mahali, awape hoja zinazogongana. Vituko 30 vilivyoshonwa pamoja vitabaki vituko 30.

Nne, filamu inayowahusu watu wa mahali fulani ipigwe mahali hapo, iwape watu hao nafasi za kusema, na ionyeshwe huko kabla ya kuonyeshwa kwingine. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji si safari ya kungoja kivuko. Kamera haina kisingizio tena. Kipimo cha filamu hiyo kisiwe kicheko cha ukumbi wa mjini. Kipimo kiwe kibanda cha Kibiti au cha Nyamisati, usiku, chumba kimejaa, na mtu wa nyuma kabisa anapaza sauti kumjibu mwigizaji kwenye kioo. Akijibu kwa utani, filamu imefaulu. Akinyamaza, itabidi tuulize tena ni nani aliyemfanya bubu.